Betri Ihamishwe kwa Elimu, Isihamishwe kwa Kuigana

Umezuka mtindo katika gereji za kando ya barabara ya Kilwa, kuanzia Mitwero hadi mjini Lindi, ambao yatupasa kuutolea kauli mapema, kabla haujatutolea majeruhi. Kijana akishapata gari dogo lililotumika, na akishaingiwa na hamu ya kujaribu bahati yake katika mbio za magari za ridhaa, jambo la kwanza amwambialo fundi ni kwamba betri iondolewe chini ya boneti, ipelekwe nyuma ndani ya buti. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba ndivyo wafanyavyo madereva wakubwa. Fundi naye, kwa kuogopa kumpoteza mteja, hutafuta waya wowote ulio karibu, akaupitisha chini ya zulia, akaifunga betri kwa mpira wa baiskeli, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha.

Tunapenda ieleweke tangu mwanzo kwamba hatuupingi mchezo huu, wala hatuwapingi vijana wanaoupenda. Kijana anayekesha chini ya gari akiwa na spana mkononi anajifunza kazi, na taifa linalotaka kujitegemea halina budi kuwa na mafundi wengi wa namna hiyo. Wala hatusemi kwamba kuhamisha betri ni upuuzi. Ni jambo lenye maana yake, na wataalamu wamelifanya kwa miaka mingi. Tunachokipinga ni kuigana. Anayeiga huchukua umbo la kitu akaacha roho yake. Na katika jambo hili, umbo bila roho ni moto uliofichwa nyuma ya mgongo wa dereva.

Mbio za magari si ngeni katika nchi zetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, nayo yalipita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na mwaka 1974 yakapewa jina la Safari Rally. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967 ushindi ulichukuliwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na mwenzake Chris Rothwell katika Peugeot 404. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Baada ya mwaka 2002 mashindano hayo yalitoka katika orodha ya ubingwa wa dunia, yakarejeshwa mwaka 2021, na makao yake yakawa Naivasha. Kwa hiyo kijana wa Lindi anayeota ndoto ya usukani ana urithi wa kujivunia hapa hapa Afrika Mashariki.

Katika urithi huo limo pia somo la betri. Gari la Volkswagen lile tuliloliita kobe, lililoshinda Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, lilitoka kiwandani likiwa na betri yake chini ya kiti cha nyuma. Gari la Mini, lililotolewa Uingereza mwaka 1959 na ambalo lilishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, lilikuwa na injini mbele na betri ndani ya buti, na waya mrefu ukiunganisha pande hizo mbili. Hata leo yako magari ya kifahari ya BMW ambayo betri yake imewekwa nyuma na kiwanda chenyewe. Hivyo basi betri ya nyuma si uzushi wa gereji. Lakini waliyoyafanya hayo walikuwa na michoro, vipimo na majaribio. Swali letu ni hili: fundi wetu, ambaye hana kiwanda, atayafikiaje mema ya jambo hili bila kuyaangukia mabaya yake?

FAIDA NA KIASI CHAKE

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa habari ya uzito na mahali pake. Nahodha wa jahazi analijua jambo hili tangu utotoni. Jahazi likielemewa omo huchimba mawimbi na hukataa usukani. Likielemewa tezi hupepesuka. Ndiyo sababu shehena hupangwa kwa makini, na chombo kisicho na shehena hutiwa farumi kabla ya kutweka tanga. Mawe yale ya farumi huwekwa chini kabisa, na huzuiwa yasiteleze, kwa kuwa farumi inayotembea ni adui kuliko kutokuwa na farumi.

Gari dogo la kisasa, lenye injini mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yanayolivuta, ni chombo kilichoelemewa omo. Tuchukue mfano wa gari la kilo 1,000, ambalo kilo 620 zimelalia magurudumu ya mbele na kilo 380 ya nyuma. Katika kona ya changarawe, matairi ya mbele huambiwa yafanye kazi tatu: yavute, yakate kona na yabebe sehemu kubwa ya uzito. Yakizidiwa, dereva huzungusha usukani na gari huendelea kwenda moja kwa moja kuelekea mtaroni. Uzito ukipunguzwa mbele na kuongezwa nyuma, mizigo hugawanyika vizuri zaidi, na breki za nyuma nazo hupata la kufanya.

Sasa na tupige hesabu. Betri ya kilo 16 iliyokuwa juu ya ekseli ya mbele ikirudishwa nyuma kwa mita 3, katika gari ambalo nafasi kati ya ekseli mbili ni mita 2.4, magurudumu ya mbele yatapunguziwa kilo 20. Zimezidi uzito wa betri yenyewe kwa kuwa betri imevuka ekseli ya nyuma, nayo huinua pua ya gari kama mtoto aliyekaa mwisho wa ubao wa bembea. Mbele zitabaki kilo 600. Yaani gari litatoka asilimia 62 na kufika asilimia 60. Hiyo ndiyo faida yote. Si ndogo ya kudharauliwa kwa dereva anayejua kuitumia, wala si kubwa ya kumfanya asiyejua kuendesha awe bingwa.

Tena faida hiyo ina gharama yake. Waya mnene wa shaba wa mita nne na nusu una uzito wa kilo mbili na zaidi. Ongeza kisanduku, kitako cha chuma, mikanda na bolti, na gari zima litakuwa zito kuliko lilivyokuwa. Kwa hiyo yule ambaye bado anabeba ndani ya buti gurudumu bovu, jeki mbili na vyuma chakavu, na ambaye matairi yake yamekwisha na breki zake zinavuta upande mmoja, hana haja ya kuanza na betri. Na aanze na matairi, breki na mazoezi. Betri ni hatua ya mbali katika safari ndefu, nayo huja baada ya zile za awali kutimizwa.

Aliyefika katika hatua hiyo azingatie pia mahali. Magari yetu yana usukani kulia, na dereva hukaa kulia. Basi betri ifaa kuwekwa nyuma upande wa kushoto, ili uzito ukutane kwa mshazari. Iwekwe chini kadiri inavyowezekana, na karibu na ekseli kuliko kuning'inizwa mwishoni mwa buti. Betri iliyo mwisho kabisa huonekana kuwa na faida kubwa katika hesabu yetu ya hapo juu, lakini katika kona za mfululizo huwa kama pendulamu: mkia ukishaanza kuyumba, kuurudisha ni kazi.

MOTO ULIOFICHWA

Yapo mambo matatu ambayo fundi anayeiga huyasahau, na yote matatu yaweza kuua. La kwanza ni waya. Betri ikiwa mbele, waya unaokwenda kwenye stata ni mfupi, na aghalabu hauna fyuzi. Ikihamishiwa nyuma, waya ule ule usio na kinga unapita urefu wa gari zima, kando ya vyuma vyenye makali, chini ya miguu ya watu na karibu na bomba la petroli. Bodi yote ya gari ni upande hasi. Basi mahali popote ambapo ngozi ya waya chanya itachubuka na shaba ikagusa bodi, betri itajimwaga hapo yote. Betri ya gari iliyopigwa shoti yaweza kutoa zaidi ya ampea 1,000. Spana iliyoangukia juu ya ncha zake mbili huwa nyekundu kama chuma cha mhunzi. Na tusisahau kwamba katika magari mengi tangi la petroli liko huko huko nyuma tulikoipeleka betri.

Lile Volkswagen kobe tulilolisifu lina funzo la kutosha kwa jambo hili. Betri yake ilikuwa chini ya kiti cha nyuma, nayo ilipaswa kufunikwa. Mahali ambapo kifuniko kilipotea na mwenye gari akapuuza, abiria mzito alipokaa springi za kiti zilishuka zikagusa ncha za betri, na majani ya ndani ya kiti yakawaka moto. Gari ni lile lile lililotwaa ushindi wa Safari. Kilichobadilika ni kukosekana kwa kifuniko kidogo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ufundi na kuigana.

Kwa hiyo waya na upite ndani ya gari, upande usio na bomba la petroli, ukiwa ndani ya ganda la kuukinga na ukishikwa kwa vibanio kila baada ya nafasi fupi usicheze. Kila tundu la bati unamopita liwekwe raba imara ya kuuzuia usikatwe. Karibu kabisa na betri iwekwe fyuzi kubwa yenye kipimo kinachoiruhusu stata kuvuta, lakini ikatike waya ukipigwa shoti. Fyuzi iliyowekwa mbele, karibu na injini, haikingi kitu. Waya wote ulio kati yake na betri umebaki mtupu.

Unene wa waya nao si jambo la kukisia kwa jicho. Stata ya injini ndogo huweza kuvuta ampea 150 hadi 200. Katika waya wa shaba wa mita nne na nusu wenye unene wa milimita za mraba 16, ampea 200 hupoteza karibu volti 1 njiani. Katika waya wa milimita za mraba 50 hupotea kama theluthi tu ya volti. Betri yenyewe hushuka volti zake pale stata inapozunguka. Ukiiongezea na hasara ya waya mwembamba, stata itaguna na injini itakataa. Ndipo vijana husema betri ni mbovu, wakanunua nyingine, nayo ikakataa vile vile. Fedha ya mnyonge inapotea kwa sababu ya waya.

Upande hasi una heshima sawa na upande chanya. Betri ifungwe kwenye bodi mahali palipokwanguliwa rangi mpaka chuma kikaonekana, kisha pakazwe na kupakwa grisi. Sisi wa pwani tunajua chumvi ya bahari inavyokula bati. Kiungo kisichopakwa kitu hakitamaliza masika kabla ya kushikwa na kutu. Na huko mbele uwepo waya mnene kati ya injini na bodi. Usipokuwepo, umeme wa stata utatafuta njia yake kupitia nyaya nyembamba za mafuta na za gia, na kuziunguza.

KUFUNGA, KUFUNIKA NA KUKATA

Jambo la pili ni kufunga. Kilo 16 zilizotulia si kitu, lakini gari likigonga mti au likipinduka, kilo hizo huwa kombora, tena kombora lililojaa tindikali. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, FIA, halikuliacha jambo hili kwa hiari ya mtu. Kanuni zake zataka betri iliyohamishwa kutoka mahali pake pa asili ikae juu ya kitako cha chuma, ifungwe kwa mikanda miwili ya chuma iliyofunikwa kwa kitu kisichopitisha umeme, na ishikwe na bolti na nati kwenye sakafu ya gari. Bolti hizo zisipungue kipenyo cha milimita 10, na chini ya kila moja, upande wa pili wa bati, liwekwe bamba la chuma lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 20. Bamba hilo lina sababu: bati la sakafu ni jembamba, na bolti isiyo na bamba hulichana kama kidole kinavyochana karatasi. Baina ya kanuni hiyo na mpira wa baiskeli upo umbali ambao msomaji aweza kuupima mwenyewe.

Pamoja na kufungwa, betri hutaka kufunikwa. Inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 tu katika hewa ya mahali palipofungwa huweza kulipuka kwa cheche moja. Chini ya boneti upepo huipeperusha. Ndani ya buti haina pa kwenda isipokuwa kwa dereva, hasa katika magari ambayo buti na viti viko katika chumba kimoja. Kanuni zinataka kisanduku cha plastiki kisichovuja, kilichofungwa peke yake mbali na ufungwaji wa betri, na betri ikiwa ndani ya chumba cha watu, ikae nyuma ya viti vya mbele na kisanduku kiwe na njia ya hewa inayotokea nje ya gari. Wako wanaosema kwamba betri kavu haihitaji hayo. Wasijidanganye. Hata hiyo ina tundu la kutolea hewa, nayo hulitumia inapochajiwa kupita kiasi.

Jambo la tatu ni kukata. Gari la mashindano hutakiwa liwe na swichi kuu ya kukata umeme wote, inayofikiwa na dereva aliyefungwa mkanda na pia na mtu aliye nje. Alama yake inajulikana dunia nzima: cheche nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe, ambayo kitako chake kisipungue sentimita 12. Alama hiyo si pambo. Imewekwa kwa ajili ya mtu asiyelijua gari lile, mkulima aliyetoka shambani kwake mbio baada ya kusikia kishindo, ili ajue pa kuweka mkono wake kabla petroli inayotiririka haijakutana na cheche.

Hapa pana mtego ambao tumeona ukiwanasa hata mafundi wazoefu. Swichi ikikata betri peke yake ilhali injini inazunguka, alteneta huendelea kuilisha injini, na gari halizimiki. Mwenye gari hudhani ana kinga, kumbe ana kishikio cha mapambo. Swichi inayofaa hukata betri, alteneta na moto wa injini kwa pamoja. Namna ya kuijaribu ni rahisi: washa injini, iache iunguruke taratibu, kisha zungusha swichi. Injini ikizimika, swichi ni ya kweli. Isipozimika, kazi haijakwisha na fundi asilipwe.

Yako na majaribio mengine ambayo hayahitaji chombo chochote. Shika betri kwa mikono miwili uitikise kwa nguvu zako zote. Gari litikisike, betri isitikisike peke yake. Piga stata mara kadhaa, kisha gusa waya na viungo vyake. Panapochoma vidole pana waya mwembamba au kiungo kilicholegea. Wakati wa kazi yenyewe, tangulia kufungua upande hasi, na uurudishe mwisho, ili spana ikiteleza na kugusa bodi pasitokee cheche. Na tindikali ikimrukia mtu machoni, asisubiri ushauri: aoshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha apelekwe hospitali.

WAJIBU WETU SOTE

Huenda mtu akauliza kwa nini gazeti linajishughulisha na betri za vijana, ilhali mkoa una mambo makubwa. Tunajibu kwamba jambo hili si la vijana peke yao. Katika nchi tajiri, mchezaji wa ridhaa ana gari la mashindano na gari la nyumbani. Kwetu gari ni moja. Jumapili hufukuza upepo, na Jumatatu humpeleka mama sokoni, hubeba magunia ya korosho, au huchukua mgonjwa kutoka kijijini kwenda Hospitali ya Sokoine. Yule bibi aliyeketi kiti cha nyuma akiwa na mjukuu wake hakuulizwa kama angependa kukalia betri iliyofungwa kwa mpira. Yeye ameaminishwa gari, na kuaminiana ni amana. Mwenye gari na fundi wake ndio watakaoulizwa juu ya amana hiyo.

Aidha, mashindano hayana nafasi katika barabara ya umma bila kibali. Barabara ya Kilwa ndiyo mshipa wetu mkuu. Mwezi Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata, mkoa mzima uliona maana ya kutengwa na Dar es Salaam. Mshipa wa namna hiyo, unaopitisha mabasi, malori na watoto waendao shule, si uwanja wa kujaribia magari, awe dereva ni bingwa au mwanafunzi. Kijana wa Mitwero anayetaka kujua kama betri yake ya nyuma imemfaa na atafute uwanja uliofungwa, kwa ruhusa ya wenye mamlaka, pakiwa na watu wa kuzima moto na wa huduma ya kwanza.

Lakini haifai kumkataza kijana njia mbaya bila kumwonyesha njema. Hapo ndipo tunapowageukia wenye dhamana. Chuo cha VETA hapa Lindi kina walimu wa kazi za magari na za umeme. Tunapendekeza kitenge siku maalumu za kuwafundisha mafundi wa mitaani namna ya kupima waya, kufunga betri na kuweka swichi kuu, kwa ada ambayo fundi wa chini ya mwembe ataimudu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lialikwe lieleze gari lenye betri nyuma linavyoshughulikiwa likipata ajali, kwa kuwa mwokoaji aliyezoea kufungua boneti atapoteza dakika akitafuta kisichokuwepo. Askari wa Usalama Barabarani, ambao kazi yao ni kukagua, wafungue na buti, si boneti na taa peke yake. Na AAT, chama chenye dhamana ya mchezo wa magari nchini na ambacho ni mwanachama wa FIA, kisiishie Dar es Salaam, Arusha na Morogoro. Kikitutumia mkaguzi mmoja kwa siku mbili, kitakuwa kimefanya kazi kubwa kuliko vikombe kumi.

Kwa mafundi tuna neno la peke yake. Fundi ni mwalimu wa mteja wake. Mteja akitaka kitu cha hatari, fundi mwenye heshima humwambia hapana, au humwambia gharama ya kukifanya vizuri. Anayesema ndiyo kwa kila jambo si mkarimu. Anauza roho ya mwenzake kwa bei ya waya. Na ubishi wa kwamba vifaa ni ghali hauna uzito. Waya mnene, fyuzi kubwa, kisanduku na swichi vina bei, ni kweli. Asiyeweza kuvinunua vyote na aiache betri mahali ilipowekwa na kiwanda. Hapo mbele haitamnyima raha ya mchezo, na kilo 20 atazifidia kwa kujifunza kuingia katika kona kwa mwendo unaofaa.

Kwa vijana wetu twasema: upendeni mchezo wenu, lakini mwupende kama baharia anavyoipenda bahari, yaani kwa kuiogopa kiasi. Madereva wakubwa mnaowaiga hawaruhusiwi kuwasha injini katika mashindano mpaka mkaguzi ameinama, ameangalia kila bolti na kuweka sahihi yake. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuiga kutoka kwao. Anayeweza kulifungua buti lake mbele ya mkaguzi bila wasiwasi, huyo ndiye aliyehamisha betri. Wengine wote wamehamisha hatari tu, kutoka mbele ya macho yao hadi nyuma ya migongo yao.